Mapumziko ya Magari Mtoni

Nyumba ya Cherehani,
Barabara ya Mtoni.
9 Julai

Mpendwa mwanangu Breki,

Hujambo, baba? Mgongo umepoa, au bado unakaa upande upande kama mtu aliyekalia sindano? Mkeo hajambo? Na huyo binti anayeota meno, anawaacha mlale? Mimi mama yako mdogo ni mzima, na cherehani nayo nzima. Bibi yako anaendelea vizuri, isipokuwa macho. La kushoto limekwisha kabisa, la kulia linaona vivuli tu.

Tangu asikie utakuja kuendesha kwenye mashindano ya magari hapa kwetu, nyumba haikaliki. Kila anayekanyaga kizingiti anaambiwa, na daktari wa macho ameambiwa mara mbili. Mimi nimeshonishwa mapazia ya chumba utakacholala, nikafumua, nikashona tena, eti rangi haipendezi. Rangi yenyewe haioni! Lakini nani atambishia? Anaogopa hilo jicho lililobaki lisije likazima kabla hajakuona.

Sasa nikuambie kilichonikaa rohoni. Ulipoondoka, mto wetu ulikuwa ukinuka mpaka tunaziba pua. Tumehangaika nao miaka, hadi ukatangazwa kuwa hifadhi. Hakuna kufua wala kuvua pale kwenye maji ya kina kifupi ambako samaki wanataga, na maji ya mabomba yetu yanatoka hapo hapo, chini kidogo. Kuna kamati ya mto, na mwenyekiti wake ni mimi. Usicheke.

Waandaaji walipotuomba sehemu ya mapumziko kando ya mto, tulikubali bila kubishana. Tukajua madereva wamechoka, watataka kivuli na chai. Tukafagia, tukapeleka mabenchi, nikashona hadi vitambaa vya meza. Siku ya majaribio nikateremka na birika langu, nimevaa gauni langu la kutokea.

Lo! Magari yakaja mbio, yakapita mabenchi yetu, yakaingia majini kabisa. Watu wakaanza kuyaosha. Fundi mmoja akajilaza chini ya gari, akafungua oili, ikamwagika mchangani chururu. Nikamuuliza mkubwa wao, jamani, hapa si pa mapumziko? Akanijibu kwa adabu zote, "Ndiyo, mama. Magari ndiyo yanapumzika." Kumbe kwa lugha yenu, kupumzika ni kubadilishiwa oili na kuoshwa matope! Wewe ulilijua hilo siku zote. Sisi wenzako tuliwaza chai.

Hakuwa mtu mbaya, mwanangu. Alikunywa chai akaisifu, akawagombeza mafundi wake. Lakini kesho yake maji yalikuwa yametandwa na mafuta, na vifaranga vya samaki vinaelea tumbo juu. Nilikaa pale kwenye benchi nikalia.

Tukaitisha kikao. Waandaaji wakasema watatandika maturubai, ila magari lazima yakae pale pale, maana hakuna uwanja mwingine ulio tambarare. Tukikataa, mashindano watayaahirisha hadi mwaka ujao na kuyapeleka upande mwingine wa nchi, na madereva wa mbali kama wewe hawatalipiwa tena nauli. Wenye maduka na nyumba za wageni walitaka tukubali, na siwalaumu, nao wana watoto. Wengine walitaka tukatae. Mikono ikalingana kulia na kushoto, wote wakanigeukia mwenyekiti.

Nilijua nikikataa, huji. Niliona yale mapazia. Nikanyanyua mkono, nikakataa.

Huenda umeshaambiwa kwamba wanakijiji wamegoma, au serikali imezuia. Ni mimi, Breki. Nimeona bora uyasikie kwangu kuliko kwa watu. Nakuonea huruma, najua ulivyoisubiri safari hii, na ukininunia una haki.

Bibi yako alinuna kweli. Tangu nimwambie, alikuwa akizungumza nami kupitia jirani. "Mwambie huyo fundi chumvi imekwisha." Nami nimekaa pale pale, mguu kwenye cherehani! Nilitaka kucheka, nilitaka kulia, nikanunua chumvi.

Jana asubuhi akasema, bila jirani, nimpeleke mtoni. Nikamshika mkono tukashuka taratibu, akachuchumaa, akazamisha mkono majini, akaunusa. Akauzamisha tena, akaunusa tena. Akaninyooshea vidole na mimi ninuse. Bado vinanuka oili.

Tukapanda kurudi nyumbani. Mlangoni akanikamata kiwiko, akaniambia, "Mwandikie mwenyewe. Umwambie tumekataa sote wawili."

Basi ndiyo hivyo, mwanangu. Ukipata nafasi ya kuja kwa njia yoyote isiyo na mashindano, njoo, na usikawie.

Mjomba wako kinyozi anakusalimu, anasema nywele zako za kwenye picha zinamtia aibu. Jirani, mjumbe wetu wa chumvi, anakusalimu pia. Mpe mkeo pole na kazi, na mbusu binti kwenye hilo jino jipya. Mungu akulinde kwenye kila kona unayoikata, na akupe moyo wa kutuelewa.

Ni mimi nikupendaye hata ukinuna,
Mama yako mdogo