Uzi wa Zari Ndani ya Feni

KITUO CHA POLISI LAL PUL
MAELEZO YA SHAHIDI

Shauri: Wizi wa maji ya mfereji, Chak 118
Mshukiwa: Khuda Bakhsh, mlinzi wa malango
Jina la shahidi: Tasneem Kausar binti Mehr Riaz
Umri: Miaka 34
Kazi: Mwalimu wa kompyuta, shule ya wasichana
Makazi: Kijiji cha Chak 118, wilaya ya Bahawalnagar
Tarehe na saa: 13 Juni 2024, saa nne na robo asubuhi

Mimi ndiye niliyetajwa hapo juu. Nimekuja mwenyewe, sikuitwa na mtu. Mzee Khuda Bakhsh, ambaye sote tunamwita Bakhsha, yuko mahabusu kwenu siku ya nne leo kwa kuambiwa alizima mashine ya chama ili auze maji ya mjane Sughra. Hakuizima, na nitaeleza ninavyojua.

Mwenyekiti wa chama cha maji, Mehr Shafqat, ni baba yangu mdogo. Nalisema hilo mapema kwa sababu ameshapita hapa na nayajua maneno aliyoyaacha, kwamba nalipa kisasi. Ni kweli nilichumbiwa na mwanawe Waseem, na ni kweli uchumba waliuvunja wao, mwaka juzi. Ni kweli pia kwamba simpendi. Andika hivyo hivyo, afande, simpendi. Lakini mashine haina mchumba, na nitakayoyasema yameandikwa na mashine.

Afande anajua kwamba maji yetu ni ya zamu, na zamu ni za dakika. Mwezi wa Machi mwaka huu chama kiliniomba njia ya kuandika kila lango la mfereji limefunguliwa saa ngapi na nani. Nilitoa kompyuta yangu mpakato ya miaka kumi na miwili, nikaiwekea mfumo wa Linux, nikaifanya seva ya kutunza kumbukumbu hizo. Kila lango kati ya malango yetu manne lina kifaa kinachotuma habari pamoja na namba ya siri ya aliyelifungua. Mashine iko katika chumba cha lango la kwanza na inatumia betri ya sola, maana umeme wetu ukikaa saa sita kwa siku tunashukuru.

Mwanzoni ilikuwa inakula wati thelathini na moja na kuchemka kama birika, na betri ilikwisha kabla ya alfajiri. Nilizima kioo chake, nikaiamuru prosesa isikimbie, nikaondoa kila programu isiyo na kazi. Nilitoa betri yake ya ndani iliyokuwa imevimba. Nilifungua feni nikasafisha vumbi la miaka yote hiyo. Ikashuka hadi wati tisa. Kisha niliipandisha juu ya matofali mawili ivute hewa kwa chini, na ukutani nikaandika kwa rangi nyekundu: ISIFUNIKWE. Niliifundisha pia iandike joto lake kila dakika. Ofisa ameniuliza nani alinifundisha mimi. Nimemjibu kwamba swali hilo asingemuuliza mwanamume.

Kwetu kitu cha thamani hakikai wazi. Friji inavalishwa na juu yake hukunjwa nguo za akiba, televisheni inavalishwa, hata rimoti inazeekea ndani ya plastiki yake ya dukani. Baba mdogo alikwishaniambia mara mbili kwamba ni aibu seva ya chama kukaa uchi. Mara ya tatu ilikuwa tarehe 7 Juni, baada ya sala ya Ijumaa, mbele ya watu, kwa sababu Jumatatu tulikuwa tunatembelewa na mhandisi wa mifereji.

“Mgeni ataona nini pale?” alisema. “Matofali na kitu cheusi? Mke wangu ameshaishonea nguo.”

Nikamwambia, “Ikivaa itakufa, baba mdogo.”

“Wewe binti, kila unachokigusa unataka kikae bila stara.”

Watu walicheka. Niliondoka, na hadi leo najuta kwamba sikumnyang'anya ufunguo wa chumba pale pale.

Mnamo tarehe 9 Juni, Jumapili, joto nje lilikuwa digrii arobaini na sita. Zamu ya Sughra ilikuwa kuanzia saa nane mchana hadi saa kumi na dakika ishirini. Ana ekari moja na nusu ya pamba changa, na ikikosa maji wiki moja ya Juni, hana pamba tena. Saa kumi na moja jioni alikuja nyumbani kwangu analia kwamba mfereji wake ulikauka nusu saa tu baada ya kulowana. Tulikwenda pamoja. Njiani tuliona shamba la miwa la baba mdogo limesimama ndani ya maji, na siku hiyo halikuwa na zamu. Simwambii afande nani alifungua. Namwambia tu miwa ya nani ilikuwa imelowa.

Tulifika chumbani saa kumi na moja na nusu. Taa ya kijani ya ukutani, inayoonyesha kuwa mashine inafanya kazi, ilikuwa imezimika. Baba mdogo alikuwa amekaa nje juu ya kitanda cha kamba, funguo mkononi. Kabla sijauliza, aliniambia mashine yangu imekufa na Bakhsha ndiye aliyeiua. Nilipoigusa ilikuwa bado ya moto. Haikuwa na kifuniko.

Niliibeba nyumbani, na tarehe 10 Juni saa kumi na mbili asubuhi niliiwasha na kusoma ilichoandika. Saa saba na dakika kumi mchana joto lake lilikuwa digrii sitini na moja. Dakika ishirini baadaye lilifika themanini. Liliendelea kupanda hadi saa nane na dakika arobaini na moja, digrii tisini na tisa, ikajizima yenyewe isiungue. Angeizima mtu kwa mkono, ingeandika kwamba imeamriwa. Haikuandika. Tena saa saba na dakika nane, joto lilipokuwa linaanza kupanda, namba ya Mzee Bakhsha ilifungua lango la nne, kilomita tatu kutoka chumbani. Ana baiskeli isiyo na mnyororo. Funguo za chumba ni mbili, wa Bakhsha na wa mwenyekiti.

Nilifungua feni. Haikuzunguka, kwa sababu ilikuwa imejiviringishia uzi wa zari, ule wa rangi ya dhahabu, uliofyonzwa kwa chini, kutoka kwenye matamvua ya kitambaa. Nimeuleta ndani ya bahasha.

Nimechelewa siku tatu. Mama yangu alinishika mikono yote miwili akasema nikifungua mdomo, nyumba hizi mbili hazitazikana. Nilikaa. Naona aibu kulisema hilo huku mzee wa watu analala kwenye saruji yenu. Jana, tarehe 12, saa saba mchana, nilimletea mikate na dengu, nikamuuliza kwa nini hasemi. Aliniambia kwamba aliporudi Jumapili aliikuta mashine imevaa, taa imezimika, akampigia mwenyekiti simu, akaambiwa aiache kama ilivyo na aende zake.

“Basi waambie hivyo,” nilimwambia.

“Mwalimu, nyumba yangu imesimama kwenye ardhi yake. Nikisema, wajukuu wangu watalala wapi?”

Basi nasema mimi, ambaye sina cha kunyang'anywa kwake. Baba mdogo ameapa hapa kwamba hakuna kifuniko, hakijawahi kushonwa. Uzi huu una zari na hariri ya kijani vimesokotwa pamoja. Huwezi kuupata dukani. Majira ya baridi ya mwaka 2021 nilisokota matamvua ya shuka jekundu la kupeleka nyumbani kwa Waseem. Zari iliniishia, nikafumua hariri ya shali kuukuu ya mama, nikachanganya. Uchumba ulipovunjika sisi tulirudisha pete, saa na hata sahani ya peremende. Shuka hawakulirudisha. Walilikata wakashonea mashine nguo.

Kama ni kisasi, kitafuteni juu ya friji yake.

Niliyoyasema ni niliyoyaona na kuyashika kwa mikono yangu. Nimesomewa, nimesahihisha saa mahali pamoja, nami natia sahihi.

(Sahihi) Tasneem Kausar

MAELEZO YA OFISA: Yamechukuliwa nami, Mkaguzi Msaidizi Imdad Lashari, na kukamilika saa sita kasoro dakika kumi. Bahasha imepokewa na kupewa namba ya kielelezo 1. Saa tisa alasiri nyumba ya Mehr Shafqat ilipekuliwa. Kifuniko chekundu chenye sponji ndani kilikutwa kimekunjwa juu ya friji, na tamvua moja pungufu pembeni. Uzi umelingana na kielelezo 1, zari na kijani. Khuda Bakhsh ametolewa mahabusu saa kumi na moja jioni. Shahidi aliulizwa kama angependa kurudishiwa kitambaa shauri likiisha, kwa kuwa hapo asili kilikuwa mali yake. Alisema ndiyo. Alipoulizwa cha nini, alisema ni cha kufutia vumbi kwenye feni.