Mkwe Kachukua Kisu, Sasa Kachukua na Mke

Mama Mshauri, shikamoo, na pole na kazi ya kusoma matatizo yetu, la kwangu ni moja tu lakini limenikaba, naomba unisikilize mpaka mwisho kabla hujacheka, maana hapa Bariadi kila ninayemweleza anacheka.

Mimi nauza vipuri vya baiskeli, sinywi, sivuti, sina nyumba ndogo, starehe yangu ni visu vidogo vya kukunja, vile vya mfukoni, na nikisema visu sisemi hivi vilivyojaa madukani tangu biashara iwe ruksa, vinang'aa kama vijiko na ukimenyea muwa vinapinda, nasema visu vyenyewe, cha Uswisi, cha Mwingereza, cha Mfaransa chenye mpini wa mti, ambavyo zamani ungeviona kwa mapadri tu na sasa vinapatikana Mwanza kwa mtu mwenye macho, nimevitia kwenye boksi la bati lenye kufuli, navinoa kwa jiwe langu mwenyewe, navipaka mafuta ya cherehani, na kila asubuhi nachagua kimoja cha kutembea nacho, nakatia mpira, namenyea chungwa, kisha nakifuta kabla maji ya chungwa hayajakila, kwa hiyo usidhani ni mapambo.

Katika vyote kuna kimoja cha Kijerumani, mpini wa pembe ya paa, nilikikuta kwenye mfuko wa koti la mitumba na nikanunua koti zima kwa ajili yake, kina bledi mbili za chuma kile cha zamani kinachoshika kutu usipokitunza, lakini ukikitunza makali yake ukiyapitisha juu ya mkono yanaondoka na vinyweleo, na springi yake ukifunga inalia mlio mmoja tu, mkavu, sijawahi kuusikia kwenye kisu kingine.

Sasa baada ya mavuno tulikwenda ukweni upande wa Lagangabilili, shemeji yangu alikuwa anaoa, nyama ikaletwa, mkwe wangu Mzee Malimi akawa anawagawia wazee wenzake kwa kisu kilichochoka kabisa, hakati anasaga, nikashindwa kuvumilia nikatoa cha Kijerumani, nikapiga goti nikampa kwa mikono miwili kama tunavyompa mkwe kitu chochote hata kiwe kikombe cha maji, akakata, nyama ikaachia yenyewe, wazee wakaguna kwa kuridhika na mimi nikajiona mtu kati ya watu, kisha akakifuta, akakikunja, akakitia mfukoni mwa koti lake, akasema, "Wabeja, ng'wanawane," yaani asante mwanangu, wazee wakapiga makofi, nami nimebaki nimepiga goti.

Mama, nilikiazimisha, sikukitoa, na tangu siku ile habari zinazonifikia zinaniumiza, mara ametolea funza miguuni mwa wajukuu, mara amehasi madume ya jirani, mara amefungulia mkebe wa rangi, mkebe wa rangi Mama, kwa ncha, nikamwomba mke wangu Kwandu akamwambie baba yake kwa upole, akanijibu, "Umempa baba mbele ya wazee, halafu mimi nikakidai? Siendi." Kwandu naye ana lake, ana kinyongo tangu msimu wa viazi, aliomba kimoja cha kukatia michembe, vile viazi vya kuanika, nikamkatalia kwa sababu utomvu wa viazi unaharibu chuma, akaendelea na kile kipande chake cha msumeno alichokifunga mpira, kikamkata kidole, ikawa kosa langu.

Basi nikamtuma Selestini, ambaye ndiye alikuwa mshenga wangu wakati naoa, anajua kuongea na wale wazee na nyumbani kwao wanamheshimu, akaenda peke yake asubuhi, na hapo sijui shetani gani aliingia, maana walipomwona mshenga anaingia peke yake bila kuitwa, mama mkwe akaanza kulia, Mzee Malimi akawaita ndugu zake, wakajaa uani, na Selestini kuona wazee wote wale wamekaa kimya akaona aibu kutaja kisu, akasema, "Nitarudi na mwenye neno lake," akapanda baiskeli akarudi, wao wakajua naivunja ndoa na nadai ng'ombe wa mahari. Kesho yake shemeji zangu wakaja kumchukua Kwandu, sikuwahi hata kujieleza, yeye akafunga nguo zake bila kubishana, mlangoni akaniambia, "Basi kaa na visu vikupikie." Nimeitwa Jumamosi mbele ya wazee.

Swali langu ni hili, nikifika pale nianzeje ili nirudi na kisu bila kumuudhi mkwe, je niende na kile cha Mfaransa tubadilishane hapo hapo, au nisubiri kwanza suala la Kwandu liishe, na je kisheria kitu cha kuazimisha kinageukaje kuwa zawadi? Usiandike jina langu.

Mwenye Visu, Bariadi

MAMA ESTERIA ANAJIBU:

Marahaba, Mwenye Visu. Nimejitahidi nisicheke, na ulipofika kwenye mkebe wa rangi nikashindwa. Kisha nikasoma lile swali lako la mwisho, kicheko kikaniisha.

Mkeo amechukuliwa. Wazee wa ukoo mzima wanakaa Jumamosi kuamua kama bado una mke, na wewe unaniuliza unarudije na kisu. Umenieleza bledi zake, chuma chake, pembe yake, mpaka mlio wa springi. Nimeirudia barua yako nikimtafuta Kwandu. Nimekuta kidole kilichokatika na neno alilolisema akiwa anaondoka. Hata kama unamkosa hujasema.

Jina lako nimelificha kama ulivyotaka, na ya wengine nimeyabadilisha yote, hata la kijiji. Kisu sikuweza kukibadilisha, kwa hiyo atakayekijua atakujua.

Unielewe, siyadharau mapenzi yako kwa visu. Mwanaume asiyelewa, anayejua kunoa kitu na kukitunza, wapo wanawake wanaomwomba Mungu awape. Wala sikulaumu kwa kumpa mzee wako kisu kizuri alipokuwa anasaga nyama mbele ya wageni. Lile lilikuwa jambo jema kuliko yote uliyoyasema humu, na ndilo unalojutia. Lakini baba, ulipiga goti. Ulitoa kwa mikono miwili, mbele ya wazee, kwenye harusi. Wakapiga makofi na wewe ukanyamaza. Sasa unataka sheria ikuambie uliazimisha? Mtoto wa Kisukuma kabisa, uliyelipa mahari ukaona taratibu zote, hujui mkwe hakopeshwi?

Halafu ukamtuma mshenga. Ungemtuma mtu mwingine yeyote, hata muuza maziwa, wangesema huyu mkwe wetu ana mkono mzito, wakakusengenya, yakaisha. Mshenga aliyekwisha kuunganisha nyumba mbili harudi peke yake asubuhi ila kwa jambo moja, na mama mkwe wako alilijua alipoiona baiskeli inakata kona. Yule mama alilia. Ulimliza mama wa watu kwa ajili ya kisu, na Selestini naye, mtu mzima, akashindwa kusema neno ambalo lingewachekesha wote na kumwacha Kwandu nyumbani kwake. Mmekutana.

Na suala la michembe ndilo lililonichosha zaidi. Una boksi la visu vinavyonyoa mkono, na mkeo anakata viazi vya kuwalisheni mpaka mvua zirudi kwa kipande cha msumeno. Utomvu unaharibu chuma. Damu je? Kisu si unakifuta na kukipaka mafuta? Wewe si ndiye fundi wa kufuta?

Sasa sikiliza. Jumamosi usiende peke yako. Nenda na baba yako mdogo au mkubwa yeyote wa ukoo wenu, na Selestini awepo hata kama ana homa. Usianze na mahari wala na sheria. Sema wazi, kwa mdomo wako, kwamba hukutaka kuvunja ndoa, ulimtuma mshenga kwa ajili ya kisu na ulikosea. Watacheka. Waache wacheke mpaka waishe, hiyo ndiyo nusu ya adhabu yako. Wakikutoza mbuzi toa mbuzi, usibishane kuhusu ukubwa wake. Mama mkwe umwombe radhi peke yake, maana yeye ndiye aliyelia.

Cha Mfaransa kiache nyumbani. Tena funguo za boksi ziache nyumbani.

Kisha itakuja sehemu ngumu. Mzee Malimi ni mtu mwenye heshima zake. Akishasikia yote ni kisu, ataingiza mkono mfukoni, atakitoa, atakuwekea mbele yako na kusema chukua kitu chako. Nakuomba, Mwenye Visu, weka mikono nyuma. Usikitazame ncha. Ukikigusa tu, hata kama ni kuangalia kutu, utakuwa umewaambia wazee wote wale binti yao ana thamani gani kwako, na mimi hapa sitakuwa na dawa. Mwambie, "Baba, hicho ni chako," na uwe unamaanisha.

Ukishamaliza na wazee usiondoke. Mpaka sasa kaka zake wamekuja kumchukua, baba yake ameita kikao, wewe umeniandikia mimi, na hakuna hata mmoja aliyemuuliza Kwandu. Mgeukie umuulize, mbele yao, kama atarudi nyumbani. Akisema ndiyo, mshukuru. Akisema bado, usimbembeleze kwa maneno mengi. Panda baiskeli yako urudi Bariadi, ujipikie wiki nzima, na Jumamosi inayofuata uende tena ukamuulize.