Pini iliyoshika kutu

Jumanne

Nimeshindwa kumwambia. Anko Mwakio alinisimamia jioni yote nikimbadilishia breki pedi za gari yake, Probox, hapa nyumbani, na kesho asubuhi anampeleka mama yangu hadi Wundanyi.

Pistoni inayosukuma pedi ilikuwa ngumu. Nikaisukuma polepole kwa klampu niliyoomba kwa seremala, mpaka ikarudi ndani. Hapo sawa. Lakini ile pedi nzee ya ndani imeisha mpaka chuma, na ya nje bado ni nene. Maana yake pini ya kaliper, ile inayofanya pedi zote mbili zibane sawa, imeshika kutu, haitelezi. Hata hizi mpya zitaliwa upande mmoja, na ule mteremko wa kutoka Wundanyi kurudi hapa Mwatate si wa kujaribu breki.

Nikasema, "Anko, hii pini..."

"Wewe funga tu, fundi wa darasa la nne. Breki ni breki."

Majirani waliokuja kutazama wakacheka. Mimi nikainamia tena breki.

Akaingia kula. Sikufunga. Gari iko juu ya mawe, na nati zote za tairi nimeziweka chini ya mto wangu. Asubuhi lazima aje kuniuliza ziko wapi. Hapo nitasema.