Nilimwambia Nimelala Vizuri

Bibi Mshauri mpendwa,

Nisaidie maana nimejifunga mwenyewe na sijui pa kutokea. Mimi ni mke wa fundi cherehani hapa Makandana, Tukuyu, na mvua za Aprili mwaka huu wa 1974 zilipoporomosha ardhi nyumba yetu ilienda nayo, sisi na familia nyingine arobaini tukahifadhiwa katika bohari la kahawa, ndipo wakaja wanafunzi wa kuchora ramani za majumba kutoka Dar es Salaam kutubunia nyumba za dharura, na mmoja wao, Zuber, kijana wa Tanga mwenye adabu sana, akajenga ya mfano kwa mikono yake hadi viganja vikachubuka, nasi tukachaguliwa tuijaribu.

Bibi, nyumba ni nzuri kuitazama. Kuta ni mianzi iliyosukwa wazi wazi, paa limeinuliwa juu kama mwavuli, na mahali pa moto hakuna. Nikamuuliza, "Mwanangu, mbona naona nje?" Akasema, "Hewa, Mama Kasim! Hewa ni afya." Hewa ya Tukuyu mwezi wa Juni! Na mvua ya huku inaingia kwa ubavu. Usiku wa kwanza tulilowa mpaka godoro, lakini asubuhi alikuja na daftari, macho yanang'aa, akauliza, "Umelalaje, mama?" nami kwa huruma nikasema, "Vizuri, mwanangu," akaandika.

Tangu hapo tunalala kwa jirani yetu Nsajigwa, ambaye nyumba yake ilisalimika, alfajiri narudi navuruga kitanda, Zuber akija nasema vizuri, naye anaandika. Ameandika mara kumi na moja! Sasa mwalimu wake anakuja na wakubwa wa wilaya, nikiwathibitishia, zitajengwa arobaini kama hiyo. Nikisema kweli, mtoto wa watu ataanguka mtihani. Mume wangu Maulidi anacheka tu: "Wewe ndiye uliyelala kwa mdomo, kaseme mwenyewe." Nifanyeje?

M.M., Makandana

JIBU

Mama wa Makandana, kwa kuwa siku zilikuwa chache nilikujibu kwa posta, na kwa ruhusa yako nachapisha hapa nilichokuandikia.

Umenichekesha, kisha umenikasirisha. Huruma yako naielewa, lakini umemhurumia mtu mmoja mwenye daftari ukasahau watoto walioko boharini, ambao hawana Nsajigwa. Hao ndio watakaokohoa kwa sababu ya adabu yako. Na huyo Zuber unayedhani unamlinda, unamwacha aende kujenga nyumba za namna hiyo nchi nzima, halafu alaaniwe na watu asiowajua. Huo si umama.

Usimngoje mwalimu. Kesho akikuuliza umelalaje, mwambie, "Sikulala humo leo, wala jana, nisamehe." Atanuna, mwache anune. Mwalimu akifika, wakaribishe wote chai ndani ya nyumba hiyo wakati mvua inanyesha. Usiwape blanketi. Kisha waoneshe kwa kidole unapotaka moto uwake. Ninyi mmejenga huko miaka yote, semeni!

Nawe msomaji, huyu mama ameniandikia tena:

"Bibi, alinuna siku mbili. Mwalimu wake, Ndugu Andrea, alikunywa chai nusu kikombe, nusu nyingine ilikuwa mvua. Akasema, 'Zuber, hii ni nyumba ya Tanga imepotea njia.' Nikadhani mtoto kwisha. Lakini mwalimu akaniuliza mimi nyumba ingefaa iweje, nami nikawaita wanawake wenzangu, na kila mmoja alikuwa na neno. Tukateremsha paa, tukakandika kuta kwa udongo, tukaweka moto katikati. Mchoro wa kwanza Zuber amepata alama tano kwa mia, wa pili themanini. Familia tisa zimeshahama bohari, nasi sasa tunalala ndani ya ile yetu. Alipoaga, Maulidi alimpa koti zito alilomshonea. Alilivaa pale pale, jua la saa saba, akafunga vifungo vyote, akapanda basi."