Hodi ya Siku Saba

Nyumba ya Wafanyakazi,
Ansab, Muscat,
Oman.

Jumamosi, 21 Februari 2026

Mpendwa binamu Tony,

Ndugu yangu Philip alitutoka Alhamisi, tarehe tano mwezi huu, akiwa na miaka arobaini na mmoja, katika makao ya wasiojiweza uliyotuchagulia wewe. Najua barua huanza na salamu, lakini ningeanza nazo ningelia njiani nisifike kwenye neno.

Sasa salamu. Hujambo? Presha ya Shangazi imeshuka? Joy na watoto je? Mimi mwili ni mzima. Huku mfungo umeanza juzi, mchana nyumba zimetulia, ndipo nikapata nafasi ya kuandika kwa mkono. Nitaipiga picha nikutumie. Ujumbe wa sauti nakujua, unasikiliza nusu.

Nilimzika Philip kwa simu. Asante kwa hema na viti. Mama anasema ulilia, na ninaamini.

Lakini kuna ile picha. Tarehe kumi na sita Januari, kamati yako ya afya ya bunge ilipozuru makao, uliituma kwenye kundi la familia: umemshika Philip mkono, yeye kavaa sweta mpya ya kijani, anacheka. Ukaandika, "Kaka yuko kwenye mikono salama." Watu ishirini na watatu tukajibu Amina. Wa nne ni mimi.

Baada ya mazishi niliifungua tena, nikaikuza. Mkono wa sweta umepanda kidogo. Kwenye kifundo kuna alama nyeusi, imezunguka kama bangili, upana wa vidole viwili. Tony, nilikuja huku kupiga deki. Leo nasimamia wahudumu kumi na wanne. Miaka kumi na miwili nageuza wagonjwa kitandani. Alama ya kamba naijua. Uliishika kwa mkono wako siku ishirini kabla hajafa, na mimi nilikuwa nayo kwenye simu siku hizo hizo. Cheti kinasema nimonia, sikipingi. Nimonia humpata haraka mtu aliyefungwa chali.

Nimepiga hesabu ya ziara yenu. Dakika arobaini, na ishirini na tano zikaenda kwenye chai na hotuba. Zilizobaki, kwa wakaazi thelathini na wanane, ni sekunde ishirini na tatu kwa mtu. Na barua ya kuwajulisha mnakuja ilitangulia siku saba.

Mama alienda Jumapili ile, siku mbili baada yenu. Akamkuta Philip na shati lake kuukuu. Akauliza sweta iko wapi. Mhudumu akamcheka: "Mama, hizo ni za wageni." Hakukwambia kwa kuwa hakutaka kukuaibisha.

Huku, kwenye mtaa wa Madinat Sultan Qaboos, namhudumia pia Bibi Masouda, mzee aliyezaliwa Unguja. Binti yake, Khulood, huja saa yoyote, hapigi hodi, anafunua shuka na kukagua visigino. Wiki ya kwanza nilinuna, nikamwambia Bibi kwamba bintiye ananiona mwizi. Akacheka mpaka akakohoa. "We Peninah, hodi hupiga mgeni. Huyu kaja kumtazama mamaake, hakuja kunywa chai."

Sisi tumelelewa kwamba kumwingilia mtu bila taarifa ni kukosa adabu. Adabu hiyo umeipeleka mpaka kwenye sheria. Mswada wenu wa kulinda watu wazima wasiojiweza nimeusoma, kurasa zote thelathini na moja. Kifungu cha kumi na nne kilisema wakaguzi wataingia wakati wowote. Kamati yako imeongeza, "baada ya notisi ya siku saba," na aliyewasilisha rekebisho ni wewe. Siku saba zinatosha kununua sweta. Hazitoshi kuponya kifundo cha mkono, ndiyo maana sweta zilikuwa na mikono mirefu.

Sijitoi lawamani. Kwa miaka mitatu nilipiga simu ya video Jumapili saa tisa, saa waliyonipangia wao, na kila mara Philip alikuwa ameshaogeshwa. Hiyo pia ilikuwa hodi.

Lakini yangu haitapigiwa kura, na makao yale bado yana watu thelathini na saba.

Nisalimie Shangazi, Joy na watoto. Mpitie Mama, umpelekee dawa yake ya miguu, wala usimtajie barua hii. Mungu akutunze barabarani, akupe moyo wa kuingia mahali bila kubisha.

Jumatano mnapiga kura. Yale maneno sita utayaondoa, ndiyo au hapana? Usinipigie kunituliza, na usiniambie habari za spika. Andika neno moja kabla ya Jumatatu saa kumi na mbili jioni kwa saa za huku, saa kumi na moja kwenu. Bibi Masouda atakuwa anangoja adhana afuturu, nami nitakuwa na simu mkononi. Ikipita dakika moja, picha hiyo itawafikia wawakilishi wenzako wote, ikiwa imekuzwa.

Ni mimi dada yako, nikupendaye bado,

Peninah