Geuza Karatasi, Shee

Likoni, Jumamosi asubuhi

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Nakuamkia kwa magoti ingawa niko mbali na hapana anionaye. Kifua chako kinaendeleaje na baridi ya mvua hizi? Paa la jikoni bado linavuja, au wajomba walikuja kuliezeka kama walivyoahidi? Na yule mbuzi mweupe, amezaa? Mimi mwili wangu mzima, alhamdulillahi. Nakula, nalala, kazi inakwenda. Ila moyo wangu si mzima, na leo sitauficha nyuma ya salamu.

Nina ombi kabla sijaanza. Bi Rukia aliyekuletea barua hii mwambie aketi, mpe kahawa, na asiondoke mpaka neno la mwisho. Kusoma hajui, lakini nimemsomea yote mara mbili hapa Likoni kwa bintiye, na wewe wakijua kichwa cha Bi Rukia, kitu kikiingia hakitoki. Tumepatana hivi: msomaji akiruka mstari, yeye atakohoa.

Msomaji najua ni nani. Ni Shee, ndugu yangu mdogo, kama ilivyo tangu nitoke nyumbani. Basi Shee, soma. Soma kwa sauti ile ile uliyosomea siku ile barazani.

Mama, kuna jambo hukulijua, na kosa la kwanza ni langu. Barua zangu zote huwa na karatasi mbili. Kubwa ni ya nyumba nzima, ya salamu na habari njema. Ndogo, iliyokunjwa mara nne ndani ya ile kubwa, ni ya msomaji peke yake. Sisi tulio mbali wote twafanya hivyo, maana barua ikifika kwetu Kipini haisomewi mtu mmoja, husomewa mtaa. Mtu akiugua, akitukanwa kazini, akikosa usingizi kwa kuwakumbuka, huandika katika ile ndogo, na msomaji akapima mwenyewe lini na vipi amwambie mama. Ndogo haifunguliwi mbele za watu. Shee analijua hilo kama alijuavyo jina lake.

Sasa nikwambie mwenyewe kilichokuwamo katika ndogo ya miezi mitatu iliyopita.

Kazi yangu kwa Bi Teresa, yule Mgoa, mwalimu mstaafu, unaijua. Napika, nafua, naangalia bustani. Ambalo sikukwambia ni kwamba mwaka jana bintiye alimletea mbwa. Si mbwa wa kulinda. Ni wa jamii ile ya vibwa virefu vya miguu mifupi, hata akikua hapiti kimo cha sufuria ya pilau. Alikuja wa miezi miwili, jina lake Tofi. Bi Teresa ana baridi yabisi, kuinama hawezi. Basi wa kumfundisha mbwa asikojoe ndani nikawa mimi, Mbwana wako, niliyehitimu chuo cha Kurani mbele ya macho yako ukapika halua.

Nilitaka kuacha kazi siku ile ile. Kwa nini sikuacha, nitakwambia mwishoni, kwa maneno yale yale niliyoyaandika.

Wiki za mwanzo, Mama, nusura niwehuke. Alikojoa kwenye mkeka, akakojoa mguuni pa meza, akakojoa ndani ya kiatu cha Bi Teresa. Nafuta huku, yeye ameanza kule. Nikamnyanyulia kandambili. Bi Teresa akanambia kutoka kitini pake, "Mbwana, ukimpiga hatajifunza kutokojoa ndani. Atajifunza kukojoa usipomwona." Nikaona ni maneno ya mtu asiyeshika tambara. Lakini siku mbili baadaye nikahisi harufu, nikasogeza kabati, nikakuta huko nyuma ndiko alikohamia.

Nikaweka kandambili chini, nikaanza upya. Akiamka, nje. Akila, nje. Akicheza, nje. Namsimamisha pale pale chini ya mpera, namwambia neno moja tu, "haya," kisha nangoja. Kibofu chake ni kama ndimu, kubana hawezi, kwa hiyo kumfokea ni kumwonea. Ndani, kila alipochafua, nilipaosha kwa siki ili harufu yake mwenyewe isimwite tena. Na akikojoa mperani namsifu kama mtu aliyekhitimisha msahafu, Mungu anisamehe. Mvua zilipoanza akagoma kukanyaga majani mabichi. Ikabidi nimshikie mwavuli. Yeye mkavu, anatafakari, mimi natota. Wanawake waliokuwa wakipita na madumu yao ya maji wakasimama uani kwa watu kutazama mwanamume anavyomfunika mbwa mwavuli, na mmoja akaniuliza kama na mume wake angeweza kumleta nimfunze.

Mwezi wa tatu wa kumfundisha, alasiri moja, nilikuwa nachambua mchele. Tofi akaja mwenyewe, akakwaruza mlango wa jikoni, akanitazama. Nikafungua. Akakimbia mpaka mperani, akamaliza haja yake, akarudi. Nilicheka peke yangu mpaka nikakaa chini. Mama, huku hapana mtu wa kumwambia jambo kama lile. Nikaandika kwa Shee, katika ndogo, "Leo nimefurahi kama mtu aliyepata mtoto."

Sentensi hiyo ndiyo iliyonimaliza.

Yaliyofuata nimeyasikia kwa Bi Rukia, maana nyumbani hapana aliyeniandikia. Barua ilifika mchana. Jioni Mzee Omari muadhini akaja na wazee kukata siku ya harusi yangu na bintiye Mwanaesha. Miaka miwili nimeposa, Mama, miaka miwili naihesabu kwa mabasi yanayokuja huko nyumbani. Ukasema barua isomwe, mkwe asikie habari za mkwewe. Shee akasoma ile kubwa, watu wakasema mashallah. Kisha akatia mkono akatoa ndogo. "Kuna nyongeza hapa," akasema. Akasoma habari za mbwa. Akasoma mwavuli. Watu wakacheka, na kicheko kikamkolea, akainuka akaonyesha nilivyosimama, mkono juu, shingo ndani. Akasoma ya mtoto.

Mzee Omari hakucheka. Akasema, "Kama ameshapata mtoto, binti yangu anamtakia nini?"

Hapo bado kulikuwa na nafasi, maana Mzee Omari ni mtu wa haki. Akauliza tena, taratibu, "Na twahara yake je? Hakuandika anavyojisafisha?" Bi Rukia alikuwa ndani na wanawake, mlango u wazi nusu. Anaapa alimwona Shee akiigeuza karatasi. Anaapa nyuma kulikuwa kumejaa wino. Shee akaitazama, akaikunja, akasema, "Imekwisha."

Asubuhi yake posa ikarudishwa.

Shee, umesoma mpaka hapa? Bi Rukia hajakohoa? Vema. Kuwachekesha watu nimekusamehe. Nami ningekuwapo ningecheka, wallahi. Lakini "imekwisha" ulisema ukiwa umeshaona kwamba haijakwisha. Mtu alikuuliza swali la kuniokoa na jibu ulikuwa nalo mkononi. Nimelala nalo, nimeamka nalo, na sipati sababu. Uliona haya kwamba umekwisha kuvuka mpaka? Uliogopa Mzee Omari akiyasikia yaliyobaki ataona ulivyofungua siri ya mtu? Au ulikuwa na kijicho ambacho mimi nduguyo sikuwahi kukiona? Niandikie. Hata kama ni kijicho, niandikie. Mimi ndiye niliyekufundisha kusoma, Shee. Ulipotoroka skuli kwa fimbo za mwalimu, nilikaa nawe miezi saba nyuma ya mlango wa jikoni, nakuandikia herufi kwa mkaa, unakosea nafuta, unakosea nafuta. Sikukupiga hata siku moja. Nilidhani asiyepigwa hana haja ya kujificha.

Na wewe, Mama, niwie radhi, nitalisema nawe hili. Bi Rukia aniambia ulijifunika leso usoni ukanyamaza. Nimekupa haki zako zote moyoni, nikasema labda ulistuka, labda uliona haya mbele ya wazee. Lakini neno moja tu lingenitosha, kwamba mwanangu namjua, hasali na najisi. Hukulisema. Kisha miezi mitatu mmeniacha naandika salamu kwa wakwe ambao si wakwe tena, nauliza Mwanaesha apenda leso za rangi gani, na nyinyi mnasomewa, mnanyamaza. Limeniuma kuliko posa yenyewe.

Siku Bi Rukia aliponipa habari hizi nilirudi kazini kichwa hakinijui. Nikaketi jikoni, sijui muda gani. Nikashtuka nyayo zimelowa. Tofi, ambaye miezi imepita hajachafua ndani, alikuwa amekojoa mlangoni. Hasira zote za Kipini zikanipanda. Nikavua kandambili, nikainua mkono. Hakukimbia. Alilala chini akanitazama. Ndipo nikaona mlango: alama mbichi za kucha, chini mpaka juu anapofika. Alikwaruza na kukwaruza, mimi sikufungua. Yeye alinambia. Nikavaa kandambili yangu, nikachukua tambara, nikaosha, na machozi yakanitoka, nakwambia kweli.

Sasa nataka jambo moja tu. Nasikia kuna mtu wa Witu anamtaka Mwanaesha, na babake atajibu baada ya maulidi. Siku bado zipo. Mama, beba barua hii kwa mkono wako, nenda nayo kwa Mzee Omari, isomwe kwake yote, pande zote mbili. Asisome mwingine. Asome Shee, kwa kuwa ndiye aliyesoma nusu. Mzee Omari akisikia yote kisha akasema hataki, nitalikubali, nitajua nimehukumiwa kwa langu. Lakini kwa nusu ya maneno yangu sikubali kunyimwa mke.

Nisalimie shangazi yangu Fatuma, mwenye ulimi mkali na mkono laini, mwambie kofia yake imefika na nimeivaa Ijumaa. Nisalimie mjomba Bakari fundi paa, na umkumbushe la jikoni. Msalimie babu, umpigie kelele sikio la kushoto. Bi Rukia mshike mkono kwa niaba yangu, maana hana udugu nasi na ndiye aliyenambia ukweli. Yule mwingine ninayetaka kumsalimu sina ruhusa tena ya kumtaja kwa salamu. Mungu anamjua.

Niombee, Mama, hata ikiwa umenikasirikia.

Mimi mwanao, ambaye hajabadilika,
Mbwana

Shee, hapa ndipo ulipokomea siku ile. Geuza karatasi.

Haya ndiyo yaliyokuwa nyuma ya ile ndogo. Nimeyanakili nilivyoyakumbuka, na kama hukuichoma, linganisha:

"Sasa Shee, acha kucheka, nisikilize. Nilikwenda kwa ustadhi wa msikiti wa huku kabla sijamgusa mbwa huyu hata kwa kidole. Akanambia kazi ni halali, nisiiache, na mkavu kwa mkavu hapana najisi. Akinilamba au nikishika mkojo wake, nioshe mara saba, moja ya hizo kwa udongo. Basi penye mfereji wa nje nimeweka kopo la udongo safi, na nguo za kazi haziingii chumbani kwangu. Kanzu ya kusalia ina msumari wake, mbali. Sijakosa sala hata moja kwa ajili yake. Lakini najua watu wa kwetu, wakisikia mbwa hawasikii tena kitu kingine. Kwa hiyo mwambie Mama kwanza, akiwa amekula na ametulia. Kisha nenda kwa Mzee Omari peke yako baada ya alasiri, umwambie yote, na kopo la udongo usilisahau. Sitaki bintiye aolewe na mtu anayemficha kitu. Nimeogopa kuliandika katika kubwa kwa kuwa sijui litasomwa mbele ya nani. Ndiyo maana nakupa wewe. Sina mwingine."