Muujiza wa Bwana Wiarda

Leeuwarden, Jumapili

Bibi Froukje, mchumba wangu wa kwanza,

Hujambo huko kwa shangazi? Hapa mvua haijachoka, na mama bado anaunguza chapati za maji.

Unamkumbuka Bwana Wiarda, mwenyekiti wa kamati ya bustani ya miti? Ulipoomba kuingia na kiti chako cha magurudumu, alikwambia langoni, "Mama, magurudumu yako yatatuharibia kokoto." Ulilia njia nzima, na wiki ile ile ukahamia kwa shangazi. Mimi sikusahau.

Jana mtaa mzima tulikwenda pale langoni kudai njia ya saruji. Akasema kokoto hazijawahi kumzuia mtu. Nikamsogezea kile kiti chako cha zamani cha magurudumu ulichotuachia.

"Kaa, mzee, utuoneshe."

Watu wakacheka, ikabidi akae. Hakufika mbali, magurudumu yakazama.

"Nisukume, we kijana!"

"Omba vizuri, kama bibi yangu alivyoomba."

Uso ukamwiva kama figili. Akahangaika, jasho likamtoka, mwisho akainuka kwa hasira. Mtaa mzima ukapiga kelele: "Muujiza! Ametembea!"

Hata wajumbe wake walicheka, kisha wakanyoosha mikono papo hapo: njia ijengwe. Nani alipanga yote hayo? Mjukuu wako, yule ambaye walimu walisema kichwa chake ni cha kubebea kofia tu.

Mwezi wa Mei itakuwa tayari. Njoo, nitakusukuma polepole, tumpite karibu kabisa. Akikusalimia, usiitikie. Nitamjibu mimi, na maneno nimeshayanoa.

Wako asiyejua kusamehe,
Sjoerd